Kibao cha Milada Hruska

Mama yangu hakutaka mengi uzeeni. Alitaka kwenda chooni bila kushikwa mkono, kahawa isiyo ya jana, na kuligusa jina la bibi yake kwenye kibao cha barabarani. Hayo mawili ya kwanza niliyamudu. Hilo la mwisho nililihangaikia miaka miwili nikalikosa, na aliyenikosesha ni mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

Nasema kuligusa kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa na miaka themanini na minne, na alichoona ni vivuli tu vya pembeni. Lakini vibao vya historia huku kwetu Nebraska huchongwa kwa alumini na herufi zake zimeinuka, kwa hiyo asiyeona anaweza kuvisoma kwa vidole akiwa na subira. Mama alikuwa na subira ya kutosha watu kumi.

Bibi yake aliitwa Milada Hruska, na kaunti yetu inaitwa Milada. Haikutokea kwa bahati. Mwaka 1887 wanaume ishirini na sita walikutana nyumbani kwake kutia saini ombi la kuanzisha kaunti, kwa kuwa nyumba yake ya matofali ya udongo na nyasi ndiyo pekee bondeni iliyokuwa na meza ndefu. Mipaka waliikubali asubuhi moja. Jina likawashinda siku mbili. Kila mmoja alitaka la kwake, au la baba yake, au la jenerali aliyepigana chini yake. Jioni ya pili, wakiwa kwenye bakuli la tano la supu ya Milada, mmoja wao akasema kwamba jina pekee mle ndani ambalo hakuna mtu angethubutu kulipinga ni la mwenye chungu. Wakacheka, wakatia saini. Daftari la kikao lipo mahakamani hadi leo. Mume wa Milada naye alikuwa miongoni mwa wale ishirini na sita, na jina lake lilikataliwa mapema kabisa, kabla hata ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza.

Mama alilelewa na huyo Milada. Aliifahamu mikono yake, na namna alivyokuwa akiwafukuza kuku kwa Kicheki na watu kwa Kiingereza. Alipokuwa ananisimulia, alimaliza kila mara kwa maneno yale yale: "Na hakuna mahali popote walipomwandika."

Kwa hiyo kaunti ilipokaribia kutimiza miaka mia moja, nikasema basi aandikwe. Nina stashahada ya ualimu, nimefundisha darasa la nne, nimelea watoto watatu. Najua kujaza fomu na kuzifuatilia mpaka mtu achoke na sauti yangu kwenye simu. Ikaundwa kamati. Mimi nikawa katibu. Royce Prentiss akawa mwenyekiti, kwa sababu kibao kilihitaji kiegesho cha magari kando ya barabara kuu, na mahali pekee penye nafasi palikuwa kwenye kona ya ardhi yake. Royce alitoa kona hiyo bure. Hakuomba kitu. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana sijawahi kumwona Prentiss akitoa hata ufunguo wa geti bila kuomba kitu.

Babu wa babu yake, Kapteni Josiah Prentiss, alifika bondeni mwaka 1888. Kaunti ilikuwa imeshaanzishwa. Alinunua ardhi kwa walioshindwa na ukame, akanunua tena, mpaka ikawa ukisimama juu ya ghala letu na kugeuka pande zote unaona ng'ombe wa Prentiss pande tatu. Hata malisho tunayotumia sisi, ekari mia sita upande wa kusini, ni ya Prentiss. Tunayakodi kwa mkataba wa miaka mitano mitano.

Nikaandika maandishi ya kibao. Ofisi ya jimbo inakupa nafasi ya maneno machache tu, nami niliyapima kila moja kama chumvi. Jina la Milada Hruska lilikuwa mstari wa tatu. Nilimsomea mama mpaka akayashika kichwani. "Mstari wa tatu," alikuwa akiwaambia wageni. "Kutoka juu, wa tatu."

Ofisi ikakubali. Kilichobaki ilikuwa nakala ya mwisho, karatasi inayokuja kwa posta kabla alumini haijamiminwa. Mwenyekiti na katibu wanaisaini wote wawili, na baada ya hapo hakuna kubadilisha hata nukta.

Mwezi Machi mama alianguka akavunjika nyonga. Nilikaa naye hospitalini wiki tatu, maili mia na ishirini kutoka nyumbani. Ilikuwa msimu wa ng'ombe kuzaa, kwa hiyo mume wangu, Delmar, alibaki shambani. Kila jioni nilimpigia simu.

"Kuna barua?" nilimuuliza.

"Za kawaida."

"Nakala ya kibao haijaja?"

"Ardis, nimetoka kumvuta ndama kwa mnyororo. Ikija, nitakwambia."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Tulikuwa na miaka ishirini na miwili ya ndoa. Na Aprili Royce aliponiambia kwamba muda umebana na ofisi imekubali saini yake peke yake, nikaamini hilo nalo.

Tarehe tatu Mei, Jumapili, tulikizindua. Walikuja watu kama mia mbili, na hiyo ni robo ya kaunti. Bendi ya shule ilipiga, wanawake wa kanisani walipanga meza za soseji na kolache, mikate mitamu ya Kicheki yenye plamu katikati. Kibao kilikuwa kimefunikwa na shuka jeupe la kitanda. Mama nilimvalisha koti la buluu, nikamkalisha mbele, fremu yake ya kutembelea ikiwa miguuni. Alikuwa amevua glavu mapema ingawa upepo ulikuwa mkali.

"Vaa, mikono itaganda," nikamwambia.

"Vidole vikiganda vinasoma vizuri zaidi."

"Nani amekwambia?"

"Mimi ndiye kipofu hapa, au wewe?"

Royce akatoa hotuba fupi, akavuta shuka.

Nilisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe, nikikimbilia mahali ninapopajua. Mstari wa tatu. Haukuwa wangu. Nikaanza upya kutoka juu: *Kaunti ya Milada ilianzishwa mwaka 1887 kwa juhudi za Kapteni Josiah Prentiss, mfugaji wa kwanza wa bonde hili. Kwa heshima ya walowezi wa Kibohemia, Kapteni aliipa jina Milada, neno la Kicheki lenye maana ya mpendwa.*

Watu wakapiga makofi. Nadhani wengi hawakuwa wamesoma. Walipiga kwa sababu shuka limeanguka. Mama naye alipiga.

Nilikuwa bado sijafungua mdomo nilipohisi mkono wa Delmar mgongoni. Akainama sikioni mwangu.

"Msomee ile uliyoandika wewe," alisema taratibu. "Haoni. Mwache afurahi."

Hapo ndipo nilipojua. Sikuwa nimemuuliza kitu, wala sikuwa nimemtazama. Mtu ambaye hajui hawezi kuwa na dawa tayari mkononi. Alikuwa ameshalifikiria jambo hili muda mrefu, akafika mpaka kwenye macho ya mama yangu, akaona kwamba yanafaa kwa kazi yake.

"Nisogezeni," mama akasema.

Nikamsimamisha. Delmar akashika upande wa pili wa fremu, nikamwambia aiachie, akaiachia. Watu wakatupisha. Mama akaweka kiganja kizima juu ya alumini kwanza, kama anavyomgusa farasi asiyemjua, kisha akaanza kwa kidole cha shahada. Alihesabu mistari kwa sauti. Kwenye wa tatu akatulia.

"Hapa pana P," akasema.

Akarudi mwanzo wa mstari, akaupitia tena.

"Ardis. Hapa pana P. H iko wapi?"

Delmar alinitazama. Royce alinitazama. Nilikuwa na maneno yangu yote kichwani, na ningeyasema bila kukwama. Mama angeyarudia pamoja nami, angekula kolache, angelala akiwa mwenye furaha. Na Jumatatu angemwambia jirani, na jirani ana macho.

"Haipo, mama," nikasema. "Wamebadilisha. Wameandika Prentiss."

"Prentiss yupi?"

"Kapteni."

Mama akabaki na kidole palepale. "Yule aliyekuja kuazima ndoo?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akajizuia.

"Bibi alimpa ndoo mpya," mama akasema, akigeuza uso upande aliodhani kuna watu wengi. "Akamrudishia ya zamani, imetoboka. Amefanya nini hapa?"

Royce akasogea na kofia mkononi. Ana adabu, hilo siwezi kumnyima. "Mama Libbie, yote ni historia ile ile. Jina si lipo pale juu? Milada, kubwa kabisa."

"Jina lipo," mama akasema. "Mwenyewe mmemtoa. Mmemfanya neno."

Kisha akaniambia anataka kwenda nyumbani. Hakula kitu.

Nilimlaza kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya kanisa, nikampa kidonge cha nyonga, nikakaa mpaka akalala. Delmar alikuwa ananisubiri nje kwenye pikapu, injini ikiunguruma. Nikaingia. Hatukuondoka.

"Nani alisaini?" nikauliza.

"Unajua nani alisaini."

"Nataka uniambie."

"Mimi. Nilisaini jina lako."

Huenda mtu wa mji akashangaa. Huku kwetu mashambani si ajabu. Mume yuko kwenye trekta, mke yuko kwenye ghala la nafaka, karatasi inataka saini ya mume, mke anaiweka. Mke amekwenda kumchukua mtoto shuleni, dereva wa ushirika ameleta mbolea. Mume anaweka ya mke. Makarani wote wanajua, wanageuza macho, maana wao wenyewe hufanya hivyo hivyo na wenzao. Mimi ndiye niliyemfundisha Delmar kuizungusha ile A yangu, mezani kwetu, mwaka wa kwanza wa ndoa, tukicheka.

"Royce aliileta mwenyewe mwezi Machi," akasema. "Alikuwa ameshaongea na ofisi ya jimbo. Kasema kamati imekubaliana mabadiliko madogo."

"Kamati gani? Mimi ndiye kamati."

"Kasema bila hivyo hawezi kuitoa ile kona. Halafu akasema mkataba wa malisho unaisha Mei, na angependa kuendelea na watu wanaoelewana naye."

"Ukaelewana naye."

"Ardis, bila zile ekari mia sita tunauza nusu ya ng'ombe. Wewe ulikuwa hospitalini. Nilikuwa peke yangu, sijalala siku nne, mikono imejaa damu ya ng'ombe. Ningefanya nini?"

"Ungepiga simu. Nilikupigia mimi kila jioni. Ulikuwa umeshika simu mkononi."

Akafuta kioo cha mbele kwa mkono wa shati. Kisha akasema kitu ambacho ningependa asingekisema. "Wewe si umeshasaini jina langu mara elfu? Benki, kwa daktari wa mifugo, shuleni. Nimewahi kulalamika?"

"Nilisaini ulichotaka nisaini," nikamwambia. "Siku zote nilijua unachotaka. Na wewe ulijua ninachotaka. Ulijua kabisa."

Alitia gia, tukaenda nyumbani bila redio.

Jumatatu asubuhi nilikwenda mahakamani. Karani wa kaunti ni Twyla Oberg. Tulisoma darasa moja, na watoto wetu walipata surua wiki moja. Nikamweleza. Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Ili waking'oe," akasema, "lazima uape kwamba ile saini si yako. Kiapo kinakuja hapa kwangu, nalinganisha, nagonga muhuri, kinaenda ofisi ya jimbo. Ni karatasi moja tu. Lakini unajua inavyomgusa Delmar."

"Najua."

"Ni kamishna wa barabara, Ardis. Kuna kiapo alichokula kwenye ofisi hii hii."

"Nilikuwepo. Nilimfunga tai."

Akanipa fomu. Nikasaini. Akafungua kabati la chuma, akatoa kadi yangu ya saini, ile ya tangu tuliposajili shamba. Akaiweka kando ya fomu. Akatazama moja, akatazama nyingine. Akazigeuza kuelekea mimi.

"Saini yako haifanani na ya kwako," akasema.

Nikaangalia. A ya kwenye kadi ilikuwa imezungushwa vizuri, imetulia, nzuri kuliko yangu. Nikaikumbuka siku ile. Nilikuwa na Kendra, mtoto wa kwanza, ana wiki mbili na homa, na Delmar alikwenda peke yake kusajili. Saini yangu halali, iliyokuwa imekaa mahakamani miaka ishirini na moja, ilikuwa ya mkono wa mume wangu. Ile ya nakala ya kibao, ambayo Twyla alikuwa nayo kwenye faili, ilifanana nayo kama ndama mapacha. Kwa mujibu wa kaunti ya Milada, aliyesaini kile kibao ni mimi, na aliyekuja Jumatatu kukikana ni mwongo.

Twyla alijitahidi asicheke, na alijitahidi asilie. "Usinitazame hivyo," akasema. "Kadi ya mume wangu niliisaini mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aseme mwenyewe. Aandike hapa chini, kwa mkono wake, kwamba alisaini kwa niaba yako bila ruhusa. Mistari miwili. Bila hiyo siwezi kugonga muhuri."

Nikairudisha fomu nyumbani. Delmar alikuwa kwenye zizi, anaweka alama za masikio. Nikaikunjua juu ya ukingo wa geti, nikaweka kalamu.

Aliisoma mara mbili. "Mkataba tunasaini tarehe kumi na nne," akasema. "Nipe mpaka hapo. Baada ya hapo nitaandika chochote unachotaka."

"Baada ya hapo utakuwa umeshapewa majani. Hutaandika."

"Unataka niiambie kaunti nzima kwamba mimi ni mghushi?"

"Nataka uandike nani alisaini. Watakuita watakavyokuita."

Akavua glavu moja. Nikadhani anachukua kalamu. Alikuwa anajikuna shingo. Akatazama mbali, upande wa kusini, ambako majani yalikuwa yameanza kufunika vilima.

"Basi andika wewe," akasema.

"Niandike nini?"

"Hiyo mistari miwili. Weka jina langu. Unaliandika vizuri kuliko mimi. Wakiniuliza, sitabisha."

"Na Royce akikuuliza?"

Akavaa tena glavu yake. Royce akimuuliza, angesema ni mke wake aliyeandika, na ingekuwa kweli.

"Hapana," nikasema. "Hii ni ya mkono wako."

Niliiweka fomu mezani jikoni, chini ya bakuli la sukari, kalamu juu yake. Nilipika kama kawaida. Alikula kama kawaida, akisogeza bakuli kila alipotaka sukari na kulirudisha mahali pake, sawasawa. Siku tisa. Kila asubuhi nilipita kwa mama, na kila asubuhi aliuliza.

"Ameandika?"

"Bado."

"Ng'ombe wanazaa?"

"Wameshamaliza, mama."

"Basi hana kisingizio."

Alhamisi, tarehe kumi na nne, nilioga mapema, nikavaa sketi, nikakaa. Mkataba ule unataka saini mbili, ya mume na ya mke. Umekuwa hivyo tangu tulipoanza kukodi. Nilikuwa nimeshajua nitakachomwambia Royce mezani kwake. Kwamba saini yangu wataipata siku ile ile kaunti itakapopata ya Delmar. Kama ni kuuza nusu ya ng'ombe, tungeuza. Nilikwisha kupiga hesabu hiyo kichwani na tungeishi.

Delmar aliondoka saa nne asubuhi, akasema anakwenda kuangalia uzio. Adhuhuri hakurudi. Saa tisa alirudi, akanawa mikono, akakaa, akaniuliza kwa nini nimevaa sketi.

Sikuitwa. Hawakunihitaji; A yangu ilikuwa tayari kwenye vidole vya Delmar.

Siku iliyofuata niliwatazama kutoka dirishani wakipita getini kuelekea kusini, majike mia moja na kumi na ndama wao pembeni, Delmar nyuma yao juu ya farasi. Nikainua bakuli la sukari. Fomu ilikuwa bado tupu chini, na duara jeupe la sukari limejichora juu ya mistari miwili. Nikaipangusa, nikaikunja, nikaendesha gari mpaka mjini. Kwa Twyla niliomba kadi mpya, nikasaini mbele yake kwa mwandiko wangu mbovu. Akaitupa ile ya zamani, ya mkono wa Delmar.

Mama alikuwa amekaa kitandani, kahawa mkononi. Alijua mlio wa gari letu.

"Ameandika?"

"Hapana. Na hataandika."

Akapuliza kahawa, akanywa funda moja. "Ng'ombe wako wapi?"

"Kwa Prentiss."

"Wanakula?"

"Wanakula, mama."

Akanipa kikombe nikishike. Kisha akanisogezea nafasi kitandani, nikavua viatu.